Hadhira Isiyohudhuria: Historia ya Mapokezi ya Kipindi cha The Grand Tour, 2016–2024

1.0 Utangulizi

Tarehe 20 Machi 2015 gari la kivita lilipita katika mitaa ya London kuelekea makao makuu ya Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC. Aliyefika nalo alivaa mavazi meupe na kofia ngumu kichwani, kwa mfano wa yule dereva asiyejulikana jina ambaye watazamaji wa kipindi cha Top Gear walimzoea kwa jina la Stig. Mzigo wake ulikuwa ombi lenye sahihi za watu zaidi ya milioni moja, wakitaka mtangazaji Jeremy Clarkson arudishwe kazini baada ya kusimamishwa kwa kosa la kumpiga mtayarishaji wa kipindi. Siku tano baadaye Mkurugenzi Mkuu wa BBC, Tony Hall, alitangaza kwamba mkataba wa Clarkson hautahuishwa.

Kwa kutazama matokeo ya karibu, sahihi hizo milioni zilishindwa. Lakini kwa kutazama matokeo ya mbali, hazikupotea bure. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ya Amazon ilitangaza kuwa imewachukua Clarkson, Richard Hammond na James May, pamoja na mtayarishaji wao Andy Wilman, ili watengeneze kipindi kipya cha magari kitakachotazamwa kwa njia ya mtandao. Kipindi hicho kiliitwa The Grand Tour. Kilianza tarehe 18 Novemba 2016 na watangazaji hao watatu walikifunga tarehe 13 Septemba 2024.

Mhadhara huu unaichunguza historia ya mapokezi ya kipindi hicho. Swali lake la msingi ni hili: katika utangazaji wa namna hii, ni nani anayehesabiwa kuwa hadhira, na sauti yake humfikia fanani kwa njia gani? Hoja inayotetewa ni kwamba The Grand Tour, pamoja na kipindi kilichokizaa, kilikuwa na hadhira tatu na si moja: waliokuwamo studioni au hemani, waliotazama majumbani, na waliosimama kandokando ya barabara katika nchi zilizopitwa. Hadhira ya pili ilisikilizwa hata ikakibadilisha kipindi. Hadhira ya tatu, ambayo wamo watu wa Afrika Mashariki, ilionekana sana na kusikika kidogo mno.

2.0 Neno hadhira katika taaluma ya Kiswahili

Neno hadhira limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali. Katika Kiswahili mzizi huo umezaa pia maneno hudhuria, mahudhurio, hadharani na, bila shaka, neno mhadhara lenyewe. Kwa hiyo, kwa asili yake, hadhira ni waliohudhuria. Wataalamu wa fasihi simulizi waliijenga dhana hii juu ya msingi huo. M. M. Mulokozi, alipoieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio, aliiweka hadhira pamoja na fanani, mahali na wakati kuwa miongoni mwa mambo yanayolikamilisha tukio hilo. Pasipo hadhira hapana hadithi. Pana mtu anayesema peke yake.

Aidha, hadhira ya Kiswahili haikuwa bubu katika historia yake. Msimulizi anapotamka "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka ajibiwe "Pakawa!" Katika taarabu ya mwambao, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Tendo hilo ni sifa kwa mwimbaji, na mara nyingine ni ujumbe kwa hasimu aliyeketi ukumbini humohumo. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, wasomaji waliandika barua na mashairi, na malenga waliulizana na kujibizana kutoka toleo hadi toleo. Hapo hadhira haikuwa imehudhuria kwa mwili, lakini ilikuwa na ukurasa wake.

Mfano wa karibu zaidi na mada hii ni wa mabanda ya video. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana nchini Tanzania kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, akaeleza yaliyokuwa yakitendeka na kuongeza mzaha na maoni yake. DJ Afro alipata umaarufu nchini Kenya kwa kazi ya aina hiyo. Wasimulizi hawa waliichukua kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine, mahali pengine, wakaipatia fanani aliyehudhuria. Kwa maneno mengine, waliwageuza watazamaji kuwa hadhira.

Tofauti hiyo kati ya mtazamaji na hadhira ndiyo itakayotumika katika sehemu zinazofuata. Mtazamaji ni yeyote anayeona. Hadhira ni wale ambao mwitiko wao unaweza kumfikia fanani na kuigusa kazi yake.

3.0 Kutoka studioni hadi mtandaoni

Top Gear kilianza mwaka 1977 kikiwa kipindi cha kawaida cha BBC cha kuwashauri wanunuzi wa magari. Kiliposukwa upya mwaka 2002 chini ya Clarkson na Wilman, ushauri ulibaki kisingizio tu. Kiini chake kikawa maongezi ya wanaume watatu wanaotaniana, magari ya kifahari ambayo watazamaji wengi hawangeyanunua kamwe, na safari ndefu za magari makuukuu katika nchi za mbali. Kitabu cha Guinness cha mwaka 2013 kilikitaja kuwa kipindi cha masuala ya kweli kilichotazamwa mahali pengi zaidi duniani, katika nchi na maeneo 212. Afrika Mashariki kilifika kupitia chaneli za BBC katika ving'amuzi vya kulipia. Kwa hiyo kilijulikana zaidi katika nyumba zenye uwezo na katika baa na hoteli za mijini kuliko vijijini.

Katika utaratibu wa BBC, mtazamaji wa Uingereza alikuwa na nafasi inayofahamika. Hulipa ada ya leseni ya televisheni kila mwaka, na kwa sababu hiyo hujiona kuwa mmoja wa wenye shirika. Akichukizwa huandika kwa BBC, na asiporidhika hupeleka shauri kwa mamlaka ya usimamizi wa utangazaji, Ofcom. Mwezi Julai 2014, kwa mfano, Ofcom iliamua kuwa Top Gear kilikiuka kanuni kwa neno la dharau ya rangi lililotumika katika safari ya Burma. Idadi ya waliotazama kila sehemu ya kipindi nayo ilitangazwa hadharani.

Amazon ilileta utaratibu mwingine. Mteja alilipia huduma nzima, iliyochanganya filamu, tamthilia na hata usafirishaji wa bidhaa alizonunua. Habari zilizoenea wakati huo zilitaja gharama ya takriban pauni milioni 160 kwa sehemu 36, fedha ambazo hazikuwa za kawaida kwa kipindi cha magari. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa kwa msafara mkubwa wa magari katika jangwa la California, ukiongoza hadi jukwaa la muziki na umati wa mashabiki. Kampuni ilitangaza kwamba hakuna kipindi chake kilichowahi kuanza kwa kutazamwa na watu wengi kiasi hicho, lakini haikutaja idadi yao.

Idadi moja iliyopatikana ilitoka nje ya kampuni. Mwezi Desemba 2016 vyombo vya habari viliripoti makadirio ya kampuni ya Muso, inayofuatilia wizi wa kazi za sanaa, kuwa sehemu ya kwanza ilikuwa imechukuliwa kinyume cha sheria mara zinazokaribia milioni 8. Ni jambo la kustaajabisha kwamba, kwa watu wa nje, walioiba kipindi walihesabika kuliko waliokilipia. Ikumbukwe pia kwamba Amazon ilifungua huduma yake kwa nchi na maeneo zaidi ya 200 katikati ya Desemba mwaka huo, takriban mwezi mmoja baada ya kipindi kuanza. Kwa mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam, mlango halali ulifunguliwa baada ya mazungumzo kuhusu kipindi kuwa yamekwisha kupamba moto.

4.0 Hukumu ya watazamaji wa nyumbani, 2016–2019

Mapokezi ya kwanza yalikuwa ya furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kukutana tena na waliopotea. Wahakiki wengi wa magazeti ya Uingereza waliusifu ufunguzi. Hata hivyo, majuma yalivyopita, watazamaji walianza kutenga kilichowapendeza na kilichowaudhi, na malalamiko yao yakajikusanya katika mambo matatu.

La kwanza lilikuwa dereva wa majaribio. Kwa kuwa Stig alibaki kuwa mali ya BBC, kipindi kipya kilimleta Mike Skinner, dereva wa zamani wa mashindano ya NASCAR, aliyeitwa "Mmarekani". Wakati Stig hakusema neno, huyu alinung'unika muda wote kuhusu kila kitu kisicho cha Marekani. Watazamaji walichoka naye upesi. La pili lilikuwa mzaha wa wageni mashuhuri. Kila juma mtu maarufu alikaribishwa hemani, na kila juma ilijifanya kana kwamba amekufa njiani kabla ya kuketi. Mara ya kwanza mzaha huo ulichekesha kwa sababu haukutarajiwa, lakini uliporudiwa ulipoteza nguvu hiyo. La tatu lilikuwa michezo mirefu iliyopangwa neno kwa neno. Sehemu ya pili, ambamo watangazaji walijifanya askari wa kikosi maalumu huko Jordan, ilitajwa mara nyingi kuwa mfano wa kosa hilo.

Lawama hii ya tatu inastahili kuchunguzwa zaidi. Tangu enzi za Top Gear watazamaji walijua fika kwamba ajali nyingi na mabishano mengi hupangwa. Hawakudai ukweli mtupu. Walichodai ni kwamba upangaji usijitokeze waziwazi, na kwamba ubaki mwanya wa jambo lisilotarajiwa kutokea. Msikilizaji wa ngano naye anajua kuwa sungura hasemi, lakini humkataa msimulizi asiyeonyesha kuamini anachokisimulia. Katika safari ya Namibia ya msimu huohuo wa kwanza, magari madogo ya ufukweni yalipita katika jangwa lisilo na huruma, na watazamaji waliisifu. Mchanga na joto havikusoma maandishi ya mtayarishaji.

Matokeo ya hukumu hiyo yalionekana mapema. Msimu wa pili ulipoanza tarehe 8 Desemba 2017, Skinner hakuwamo tena, nafasi yake ikachukuliwa na dereva Abbie Eaton. Mzaha wa vifo vya wageni ulifutwa. Hema, ambalo katika msimu wa kwanza lilihamishwa kutoka Johannesburg hadi Whitby, Rotterdam, Stuttgart, Nashville na Dubai, sasa liliwekwa mahali pamoja katika eneo la Cotswolds, Uingereza. Mwezi Aprili 2019 hema lenyewe liliondolewa, na Clarkson akashindwa kuyazuia machozi alipoiaga hadhira iliyokuwa imeketi mbele yake. Kuanzia hapo zilibaki safari ndefu peke yake: mto Mekong mwaka 2019, Madagaska mwaka 2020, hadi Mauritania na Zimbabwe mwaka 2024.

Hapa pana jambo linalohusu moja kwa moja dhana ya hadhira. Hadhira pekee iliyokuwa imehudhuria, yaani ile ya hemani, iliyocheka na kupiga makofi papo kwa papo, ndiyo iliyoondolewa. Iliyobaki ni hadhira isiyohudhuria, ambayo kicheko chake hakisikiki. Umri wa watangazaji na gharama za utengenezaji navyo vilichangia uamuzi huo. Lakini mwelekeo wake uliafikiana na yale ambayo watazamaji wa majumbani walikuwa wameyasema tangu msimu wa kwanza.

5.0 Hadhira ya kandokando ya barabara

Safari ndefu zilikuwa fahari ya watangazaji hawa, na ndimo hadhira ya tatu ilimokutwa. Gari bovu linapovutwa kutoka matopeni, husimama watu kutazama. Watoto hukimbia nyuma ya kamera, fundi wa kijijini huitwa, mama muuza matunda hucheka. Watu hawa huona kipindi kikitengenezwa kabla ya mteja yeyote wa Amazon hajakiona. Kwa maana ya asili ya neno, wao ndio hadhira, kwa kuwa wamehudhuria. Hata hivyo, katika kipindi chenyewe wao ni mandhari.

Historia inaonyesha njia mbili ambazo kwazo hadhira hii, au taifa lake, iliwahi kujibu. Ya kwanza ni njia ya kidiplomasia. Mwaka 2011 balozi wa Meksiko mjini London alilalamikia maneno ya kuwadhihaki Wameksiko yaliyotamkwa katika Top Gear, na BBC ikamwomba radhi. Mwanzoni mwa mwaka 2012 ubalozi wa India nao uliwasilisha malalamiko kuhusu safari iliyofanywa nchini humo. Njia ya pili ilikuwa ya barabarani kwenyewe. Mwezi Oktoba 2014, kusini mwa Argentina, gari la Clarkson lilionekana na namba ya usajili H982 FKL. Wenyeji waliisoma kuwa ni kejeli juu ya vita vya visiwa vya Falkland vya mwaka 1982. BBC ilisema ilikuwa sadfa. Wapiganaji wa zamani wa vita hivyo walikuwa miongoni mwa waliopinga, magari ya msafara yakapigwa mawe, na watengenezaji wakakimbilia Chile wakiyaacha magari ya kipindi nyuma.

Kurusha mawe hakuwezi kutetewa. Lakini mwanahistoria wa mapokezi hana budi kuona kwamba hapo namba ya gari ilisomwa kwa makini kuliko alivyoweza kuisoma mtazamaji wa London, na kwamba wasomaji hao hawakuwa na dirisha la malalamiko wala kura ya kupiga. Walikuwa na barabara tu.

6.0 Safari ya mto Nili na ukimya wa Afrika Mashariki

Kwa wasemaji wa Kiswahili, mfano ulio karibu ni safari ya Top Gear iliyotangazwa mwezi Machi 2013. Watangazaji watatu, kila mmoja katika gari kuukuu la familia, walianzia Uganda, wakapita Rwanda, wakaingia Tanzania, lengo likiwa kutafuta chanzo halisi cha mto Nili. Watazamaji wengi wa Uingereza waliihesabu kuwa miongoni mwa safari zao bora. Walicheka foleni za Kampala na ubovu wa njia, na wakaustaajabia uzuri wa nchi.

Umbo la safari hiyo lina historia. Mwaka 1858 John Hanning Speke aliliona ziwa ambalo watu wa kando yake walilijua siku zote, akalipa jina la malkia wake. Aliporudi mwaka 1862 alifika mahali mto unapotoka ziwani, karibu na Jinja ya leo. Katika safari zote mbili alikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyezaliwa Uyaoni, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, kisha akarejea Afrika Mashariki. Bombay alifuatana pia na Stanley na Cameron, na Shirika la Kifalme la Jiografia la London likamtunuku nishani ya fedha. Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya misafara ya zama hizo. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu, pamoja na kasoro zake, vilimtaja Bombay kwa jina na kumpa nafasi ya kusema.

Kipindi cha mwaka 2013 kiliuchukua mtindo wa wasafiri hao kwa mzaha, na mzaha huo uliwalenga kwanza watangazaji wenyewe: ndio waliopotea, waliokwama na walioonekana wajinga. Hilo lisemwe kwa haki. Hata hivyo, katika mzaha huo hakuna Bombay. Swali la chanzo cha Nili linaulizwa na kujibiwa na wageni watatu kati yao wenyewe. Wakati huohuo mito ya Rukarara nchini Rwanda na Ruvyironza nchini Burundi, ambayo maji yake huungana katika mto Kagera na kuingia ziwani kupitia mpaka wa Tanzania, ina wakazi wanaoijua kwa majina na kwa tabia zake za masika na kiangazi.

Mtazamaji wa Mwanza au Kigali aliyeiona safari hiyo alikuwa na la kujibu. Alizijua barabara zile, na pengine alitambua kuwa yaliyooneshwa kama hatari ni njia ya basi lake la kila siku. Lakini hakulipa leseni ya BBC, Ofcom haikuwa mamlaka yake, na hakuna ubalozi uliotumwa kumsemea. Aliona bila ya kusikika. Kwa istilahi zilizowekwa hapo juu, alikuwa mtazamaji, hakuwa hadhira.

7.0 Hitimisho

Tarehe 13 Septemba 2024 watangazaji hao watatu walimaliza safari yao ya mwisho. Walianzia Zimbabwe wakiwa na Lancia, Ford Capri na Triumph Stag, wakaishia Botswana katika kisiwa cha mawe cha Kubu, kilichozungukwa na uwanda wa chumvi, mahali walipowahi kufika mwaka 2007. Watazamaji wengi, ambao walikuwa wameanza kuwatazama wakiwa watoto na sasa wana watoto wao, walieleza huzuni isiyo ya mzaha. Waliagana na miaka yao wenyewe ishirini na zaidi. Safari hiyo ya mwisho haikuwa na hema wala wageni mashuhuri. Ilibakiza wazee watatu, magari mabovu na njia, yaani kilekile ambacho watazamaji walikuwa wamekidai tangu mwaka 2016.

Historia hii inatoa mafunzo mawili kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, haitoshi tena kuieleza hadhira kwa kigezo cha kuhudhuria peke yake. Waliokibadilisha kipindi hiki hawakuhudhuria, na waliohudhuria barabarani hawakukibadilisha. Kigezo cha mwitiko unaomfikia fanani kinahitaji kupewa uzito ulio sawa. Pili, safari ya kuagana ilipigwa katika ardhi ya Afrika, lakini kumbukumbu za mapokezi yake zimekusanywa kwa Kiingereza na kutoka kwa waliokuwa mbali nayo. Waliosimama kando ya barabara za Uganda, Rwanda na Tanzania mwaka 2013 wengi wao wangali hai, na wanakumbuka siku magari yale yalipopita. Maelezo yao hayajaandikwa. Kazi ya kwenda kuwauliza, kwa Kiswahili na kwa lugha zao nyingine, inawangoja watafiti wa vyuo vya ukanda huu, na haifai kungoja mpaka mashahidi wapungue. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Watu hawa walitazama. Kilichobaki ni kuwasikiliza.